Farumi ya Hamsini na Saba

Atokaye Mbeya kuelekea Dar es Salaam kwa barabara kuu ya TANZAM hufika Chimala baada ya mwendo wa takriban kilomita 80. Kushotoni mwake huwa na bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yaliyotandazwa kama mikeka mpaka macho yachoke. Kuliani kwake huwa na ukuta. Hakuna neno jingine la kuuita. Safu ya Kipengere husimama hapo ghafla, bila vilima vya kumwandaa mtu, na juu yake, mahali ambapo mtu wa chini hapaoni, ipo nyanda ya Kitulo, iliyo kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 2,600. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa.

Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba na Kitulo huupanda ukuta huo kwa kona. Kona zenyewe ni 57, na watu hawakujisumbua kuitafutia njia hiyo jina jingine: huitwa Hamsini na Saba. Mtu akikwambia "nimepita Hamsini na Saba leo," maana yake amepanda au ameshuka mlima, na kama sauti yake imetulia basi ameshuka salama.

Msomaji wa pwani ataielewa njia hiyo upesi kuliko mtu wa bara. Chombo kinachotaka kwenda kule unakotoka upepo hakiendi moja kwa moja. Hubisha. Hwenda upande huu, kikapinduliwa, kikaenda upande wa pili, na kila mkato humsogeza nahodha hatua chache dhidi ya kitu kisichotaka apite. Hamsini na Saba ni bisho la nchi kavu. Pahala pa hatari ni palepale pa baharini pia: si katika mkato wenyewe, bali pale pa kupinduka.

Mfano huu haukubuniwa na watu wa milimani. Ulifika Chimala na fundi mmoja, mzaliwa wa Tumbatu, mtoto wa nahodha, aliyetoka kisiwani akiwa kijana wa miaka 18 na kuajiriwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA mwaka 1972. Reli ilipokamilika mwaka 1975 wenzake wengi walirudi makwao. Yeye alikwisha kuoa. Akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na baiskeli zilipopungua akahamia kwenye pikipiki, bila ya kubadilisha maneno aliyoyarithi. Kwake yeye pikipiki ina omo na tezi, abiria na mizigo ni shehena, na mtu asiyejua kupanga shehena hafai kupewa chombo. Vijana wa Chimala walikuwa wakimcheka. Mwaka 2011, mwaka wa habari hii, umri wake ulikuwa umefika 57, nao hawakuiacha nafasi hiyo ipite: wakamwita Mzee Kona.

Kijana aliyemwendea mwezi ule wa Agosti hakwenda kucheka. Alikuwa dereva wa bodaboda, naye pikipiki haikuwa yake; jioni alipaswa kupeleka hesabu kwa tajiri. Kazi yake ilikuwa kupandisha watu na vitu vya dukani mpaka Matamba, ambako siku zile kulikuwa bado katika Mkoa wa Iringa, na kushuka na viazi mviringo. Wiki sita kabla ya hapo alikuwa amempandisha mama yake mdogo, aliyekuwa akirudi kwake kwa Wawanji baada ya kukaa Chimala kwa siku kadhaa. Nyuma ya mama, juu ya keria, alifunga gunia la mchele wa Usangu la kilo 20. Njia siku zile ilikuwa ya udongo na mawe. Katika kona moja ya juu, alipokwisha kupita zaidi ya nusu ya mlima, usukani ulimwishia mikononi. Haukukatika wala haukukaza. Ulikuwa mwepesi tu, mwepesi kama wa chombo kilichokosa upepo. Yeye akaugeuza kushoto, na pikipiki ikaendelea kwenda mbele, kwenye ukingo. Akailaza kwa makusudi kabla haijafika huko. Mchele ulimwagika bondeni. Mama mdogo akavunjika kiwiko cha mkono.

Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Alipopona alipanda na kushuka mlima kama desturi yake, lakini kwa miguu, kwa njia ya mkato inayokata kona moja baada ya nyingine. Kila alipompita, pikipiki ikiunguruma na yeye mzigo kichwani, humwambia, "Nenda mwanangu, tutaonana juu." Naye huenda.

Wenzake kijiweni walimpa dawa. Walimwambia shokapu zake za nyuma zilikuwa laini mno, azikaze mpaka mwisho. Pikipiki hizi ndogo za injini ya sisi 125 au 150 huwa na shokapu mbili nyuma, na chini ya kila springi ipo pete yenye ngazi, aghalabu tano. Ukiizungusha pete kwa spana ya ndoano, springi hubanwa na kukaa juu zaidi. Kijana akazikaza zote mpaka ngazi ya tano na kuona mambo yamekwisha. Siku iliyofuata alipanda bila abiria, na safari hiyo omo ilitulia, ila tezi ilikuwa ikirukaruka juu ya mawe kama jogoo aliyekatwa kichwa. Gurudumu la nyuma likiwa hewani halisukumi kitu. Lilizunguka bure, likatua, likaichupisha pikipiki upande. Mara mbili aliteremsha miguu.

Hapo ndipo akaja kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na chombo au umekuja na majivuno?"

Fundi hakushika spana. Alichukua uzi, akaufunga kwenye ekseli ya nyuma, akaupandisha mpaka kwenye ukingo wa siti, akapiga fundo. Hicho kilikuwa kipimo cha pikipiki ikiwa haina kitu. Akazirudisha pete kwenye ngazi ya kwanza, ilivyokuwa siku ya kuanguka, akamwita kijana akae. Fundo la pili. Akamwita mpita njia mmoja mnene kiasi akae nyuma, akaweka na mfuko wa saruji uliobaki nusu juu ya keria. Fundo la tatu. Baina ya fundo la kwanza na la tatu kulikuwa na sentimita saba. Shokapu za namna ile zina nafasi ya kushuka ya sentimita nane, tisa, kumi zikizidi. Kwa maneno mengine, siku ile ya mama mdogo pikipiki ilikuwa imeshakunywa karibu nafasi yake yote kabla ya kukutana na jiwe la kwanza. Jiwe lilipokuja halikupokewa na springi. Lilipokewa na mifupa.

Kisha akagundua jambo jingine, nalo lilimkasirisha. Katika kukaza kule kwa kijiweni, pete ya kushoto ilikuwa imefika ngazi ya tano, na ya kulia ya nne. Na shokapu ya kulia ilikuwa imelowa mafuta kwa nje. Springi hubeba, lakini mafuta yaliyo ndani ndiyo huizuia springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya kila shimo. Mafuta yakivuja, kinachobaki ni kitanda cha kamba. "Ulikuwa ukipanda mlima," fundi alisema, "mguu mmoja una kiatu na mmoja umevaa ndara." Shokapu ile ilibidi ibadilishwe, na kubadilisha moja tu, akasisitiza, ni kurudi palepale. Kijana alihesabu fedha za siku tatu.

Mpaka hapa mtu angedhani fundi ameafikiana na kijiwe, ila kwa ufundi zaidi. La hasha. Alichosema baadaye ndicho wengi wa waendeshao milimani, hapo Chimala na kwingineko, hawakijui au hawataki kukijua: kwamba pete ile, kwa ugonjwa wa usukani mwepesi, ni nusu ya nusu ya dawa.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mtu yeyote, kwa kukadiria. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65, abiria wa kilo 60 na gunia la kilo 20 juu ya keria, nyuma ya ekseli. Jumla ni kilo 260. Katika uwanda, gurudumu la mbele litabeba kama kilo 80 za uzito huo. Iweke pikipiki hiyo katika mwinuko wa mita moja kwenda juu kwa kila mita tano za kwenda mbele: kiasi cha kilo 30 huhama kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma, kwa sababu mwili wote wa chombo umelala kinyumenyume. Zimebaki 50. Dereva akiogopa kona na kuzungusha mkono kutia moto, msukumo huo huinyanyua omo tena, na kilo nyingine 15 au zaidi huondoka. Gurudumu linaloelekeza kilo 260 sasa linaigusa ardhi kwa uzito wa mtoto wa darasa la tano. Hapo ndipo usukani unapoisha mikononi.

Sasa pete. Kuikaza kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho huinyanyua tezi labda sentimita mbili. Sentimita mbili hizo, katika chombo chenye urefu wa mita moja na robo hivi toka gurudumu hadi gurudumu, zitairudishia omo kilo mbili, tatu zikizidi. Hazidharauliwi, na pia huipa shokapu nafasi ya kupokea mawe, jambo kubwa. Lakini lichukue gunia lile la kilo 20 kutoka nyuma ya ekseli, ulilaze juu ya tangi, mbele ya dereva, na gurudumu la mbele litapata karibu kilo 18 kwa mara moja. Gunia ni lilelile na mlima ni uleule.

"Baba yangu," fundi alimwambia, "hakupata kuona shokapu. Lakini alikuwa akipakia chombo kwa saa nzima, na watu wakimkemea kwamba maji yanakupwa. Farumi ikikaa tezini, hata ukiwa na tanga la hariri, hubishi."

Farumi, kwa wasiokulia baharini, ni ile shehena ya mawe au mchanga inayowekwa chini ya chombo ili kisipinduke. Haimpeleki nahodha popote, na akikosea mahali pa kuiweka hakuna ufundi wa usukani utakaomwokoa.

Ni ajabu kwamba taabu hiyohiyo inawakuta watu wa theluji. Kanada na Alaska huendesha chombo kisicho na magurudumu, chenye mkanda mpana nyuma wa kusukuma na mbao mbili za kutelezea mbele za kuelekeza. Kikipanda mlima mkali, mbao za mbele hunyanyuka na chombo hakigeuki tena. Wenyewe wana ukanda mdogo unaozuia sehemu ya mbele ya mtambo wa mkanda isishuke mno. Wakitaka kupanda, huufupisha, na mbao hurudi kukanyaga theluji. Hufupisha kidogo tu, maana wakizidisha mkanda wa nyuma hukosa mshiko. Mtu wa Matamba na mtu wa Alaska hawatakutana, wala hawana lugha moja, lakini wakikutana watakuwa na la kuzungumza.

Kijana alijifunza kwa wiki mbili. Alijifunza kuliweka gunia juu ya tangi kwa urefu, na kabla ya kuondoka kuuzungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, kuhakikisha hauligusi, kwa sababu gunia linalozuia usukani ni baya kuliko lililo nyuma. Alijifunza kusogea mbele mpaka magoti yabane tangi na abiria aje naye. Alijifunza kutia moto kabla ya kona na si ndani yake, na kuingia kona kwa upana. Mnyororo nao una lake: tezi ikishuka kwa uzito, mnyororo hukaza, hivyo ulegevu wake hupimwa watu wakiwa wamekaa, la sivyo utakatika pale usipotakiwa kukatika. Habari ya injini kupungukiwa na nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi aliijua tangu zamani. Kila dereva wa mlima ule huijua.

Lililokuwa gumu ni jepesi kuliko yote: kuzirudisha pete. Kupanda na abiria na mzigo, ngazi ya nne. Kupanda peke yake, ngazi ya pili, tezi isije ikarukaruka. Kushuka na viazi, jambo jingine tena, kwani katika mteremko uzito wote hukimbilia mbele. Gunia la tangi huwa adui, na shehena hurudi nyuma, juu ya ekseli lakini si nyuma yake. Maana yake ni kusimama chini kabla ya kupanda na kusimama juu kabla ya kushuka, spana mkononi, dakika tano kila mara, abiria akitazama saa na wenzake wakimpita kwa honi. Dakika tano si kitu kwa mtu mwenye pikipiki yake. Kwa mwenye hesabu ya tajiri ni safari moja iliyopotea jioni. Wanaowalaumu vijana wa bodaboda kwa haraka yao wangefaa kuanzia hapo, kwenye hesabu ile, kabla ya kufika kwenye tabia. Yeye alichagua kuipoteza safari moja. Kwa nini, hakumwambia mtu, na fundi hakumuuliza.

Mlima huu umezoea kupandwa na watu wenye mizigo. James Frederic Elton, aliyepata kuwa makamu wa balozi wa Uingereza Unguja kabla ya kupelekwa Msumbiji, aliipita nyanda ya juu mwaka 1877 pamoja na wapagazi wake, na kwa muda mrefu ramani za Wazungu ziliiita kwa jina lake. Hakurudi pwani, alifia Ugogo Desemba ya mwaka uleule. Nyanda ikarejea kuwa Kitulo. Mlima wenyewe haujapunguza hata kona moja kwa ajili ya mtu.

Mwishoni mwa Septemba mama mdogo aliteremka tena Chimala. Aliponunua mchele wake alikuta kijana anamngoja mlangoni mwa duka, pikipiki imezimwa. Hakumwomba apande. Alimwomba amkabidhi gunia tu, amtangulizie. Mama akalitoa. Akamtazama akililaza juu ya tangi, akilifunga, akiuzungusha usukani kulia na kushoto, akichuchumaa na spana upande mmoja, akizunguka, akichuchumaa upande wa pili, akihesabu ngazi kwa sauti ili zilingane.

"Siku ile ulilifunga nyuma," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hivyo vyuma hukuvigusa."

"Sikuvigusa."

Mama aliutazama mlima, ambao saa zile za asubuhi huwa na ukungu kuanzia kiunoni. Akapandisha khanga yake, akapanda, akasogea mbele mpaka kifua chake kikagusa mgongo wa kijana. Alimshika kwa mkono mmoja, ule ambao haukuvunjika.

Walipanda polepole. Kona kumi za kwanza mama hakusema neno. Katika ya ishirini na kitu alianza kuulizia bei ya viazi. Usukani ulikuwa mzito, uzito mwema, kama wa kamba ya tanga iliyoshiba upepo, na kila kona ilipofika gurudumu la mbele lilikwenda lilikoambiwa. Chini yao bonde la Usangu lilikuwa likifunguka, na reli kama uzi uliosahauliwa juu ya mkeka.

Kabla ya ile kona, mama alimgonga begani.

"Nishushe hapa."

Kijana akasimama. Mama akashuka, akajifunga khanga vizuri, akaipita kona ile kwa miguu, ukingoni, bila ya kutazama chini. Kijana alimfuata kwa gia ya kwanza, gunia mbele yake, mpaka walipofika juu ya kona, mahali ambapo njia hunyooka kidogo. Hapo mama akapanda tena, akasogea mbele.